Kariobangi yayeyusha historia ya Safari Rally

Mwenye macho haambiwi tazama, walisema wahenga. Pamoja na hayo, leo ninathubutu kumwomba msomaji atazame, tena atazame chini, penye marundo ya vyuma vyeusi vilivyolowa oili katika karakana za Kariobangi Light Industries, upande wa mashariki wa jiji la Nairobi. Katika marundo hayo mna vipande vya injini za aina ileile iliyoipa nchi hii sifa ulimwenguni katika enzi za mashindano ya Safari Rally. Na kila siku ya kazi, isipokuwa mvua ikizidi, baadhi ya vipande hivyo hutiwa katika tanuri vikayeyuka, vikamiminwa katika kalibu za mchanga, vikatoka vikiwa sufuria.

Nisieleweke vibaya. Sufuria ni chombo kitukufu. Nyumbani kwangu Umoja zimo tatu za Kariobangi, na moja yazo imepika githeri tangu watoto wangu walipokuwa shule ya msingi. Kinachonikera ni kwamba hatujui ni kitu gani tunachokiyeyusha, na wale wachache wanaojua wanaondoka mmoja baada ya mwingine, wengine kwenda mashambani kustaafu, wengine kaburini, bila ya mtu yeyote kuketi nao na kalamu.

Nimepata kuyajua haya kwa sababu ya gari moja. Rafiki yangu wa miaka mingi, mwalimu mstaafu anayeishi Buruburu, aliamua kulifufua Peugeot 504 lililokuwa limekaa miaka mingi chini ya mwembe bila magurudumu, alitengeneze kwa mfano wa yale yaliyokimbia Safari Rally katika miaka ya 1970. Mkewe huliita gari hilo mke mwenza, wala sina ushahidi wa kumkanusha. Kwa kuwa niliwahi kufundisha ufundi wa vyuma, nilikabidhiwa jukumu la kusaka vipuri vya injini. Nilidhani ni kazi ya Jumamosi mbili. Imekwisha kumeza mwaka mzima.

Kwanza ni vyema tukumbushane ni kwa nini mtu mwenye akili timamu ahangaikie injini kuukuu. Safari Rally ilianza mwaka 1953 kama sehemu ya kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, ikapitia Kenya, Uganda na Tanganyika. Yalikuwa mashindano ya walowezi, na mkazi wa Pumwani au Kaloleni hakuwa na nafasi humo ila ya kusimama kando ya barabara na kulishwa vumbi. Lakini mwaka 1965 Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, alishinda akiwa na ndugu yake Jaswant katika Volvo PV544 lililokuwa limekwisha kutumiwa na timu ya kiwanda. Ilikuwa gari la mkono wa pili, msomaji! Peugeot 404 nalo lilishinda mara nne katika muongo huo: 1963 na 1968 likiendeshwa na Nick Nowicki, 1966 na 1967 likiwa na Bert Shankland aliyetoka Tanzania. Mwaka 1975 Ove Andersson wa Sweden akashinda kwa 504. Kwa upande wa Datsun, Edgar Herrmann alishinda mwaka 1970 na 1971, kisha Shekhar Mehta akatwaa ushindi mwaka 1973 na mara nne mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982.

Jambo la kuzingatia ni kuwa mengi ya magari hayo yalikuwa jamaa wa karibu wa magari ya kawaida. Lile 504 lililokuwa likitimua mavumbi kuelekea Taru lilikuwa na nduguye aliyebeba abiria kwenda Machakos na Nyeri, watu wakiwa wamebanana kama dagaa. Magari ya 504 yaliunganishwa hapa nchini, katika kiwanda cha Associated Vehicle Assemblers mjini Mombasa, na pikapu zake zilibeba maziwa, kabeji, majeneza na maharusi kwa zaidi ya miaka 20. Yakichakaa, yalishuka kutoka kwa mwenye nyumba ya Lavington hadi kwa karani wa Buruburu, kisha hadi kwa mchuuzi wa Kayole, mpaka yakaishia kwa mnunuzi wa chuma chakavu. Hivyo basi, historia ya mashindano yale haikuhifadhiwa katika jumba la makumbusho. Ilishuka kwa ngazi hadi Eastlands, na huko ndiko iliko.

Tangu mwaka 2003, yalipoanzishwa mashindano ya Safari Classic yanayoshirikisha magari ya zamani, injini hizi zimepata thamani mpya. Madereva hutoka Ulaya wakileta Porsche 911, Ford Escort na Datsun, wakapita njia zilezile za vumbi. Mwaka 2011 Björn Waldegård, bingwa wa dunia wa mwaka 1979, alishinda hapa kwa Porsche 911 akiwa na umri wa miaka 68. Wageni wengi huja na makontena ya vipuri. Mwalimu mstaafu wa Buruburu hana kontena, ana Gikomba.

Wala hawezi kuagiza 504 zima kutoka ng'ambo alichinje kwa ajili ya vipuri, kwa kuwa utaratibu wa forodha hauruhusu kuingizwa kwa magari ya mitumba yaliyozidi umri wa miaka minane. Njia iliyobaki ni ya miguu.

Nilianzia Barabara ya Kirinyaga, ambayo wazee wangali wanaiita Grogan, jina la yule mlowezi aliyejigamba kwamba alivuka Afrika kutoka Cape hadi Cairo. Pale utapata chochote cha Toyota kabla hujamaliza kutaja jina. Kijana mmoja muungwana alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza kwa upole kama Peugeot ni ya Kijapani. Nilipomweleza, alicheka, akasema, "Hiyo, mzee, labda kwa watu wa skrepa." Sikumlaumu. Muuza duka huweka kinachotoka.

Shauri Moyo na Gikomba zilinipa moyo zaidi. Huko vipuri havipangwi kwa jina la gari bali kwa umbo: rundo la krenki, rundo la miti ya gia, rundo la hedi, rundo la vitu visivyo na jina. Ni lazima ujue unachokitafuta kwa macho na kwa vidole, kwa sababu muuzaji hajui na hajifanyi kujua. Nilipata krenki nzuri ya 504 chini ya akseli ya lori, nikailipia bei ya kilo. Nilirudi nyumbani nikitembea kama mtu aliyeokota dhahabu, ingawa bega liliuma siku tatu.

Lakini hedi sikuipata. Nilipata bloku tatu za Peugeot kabla ya kuona hedi moja, na jambo hilo lilinitatiza mpaka nilipofika Kariobangi na kujionea tanuri kwa macho yangu. Hapa ningependa walimu wa fizikia na kemia wasogee karibu, maana jibu limo katika vitabu vyao. Bloku ya 504 ni ya chuma cha kalibu. Hedi yake ni ya alumini. Ndivyo zilivyo pia injini za familia ya L za Datsun, zile zilizotumika katika 1600 SSS na 240Z. Alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660 za Selsiasi. Chuma cha kalibu hakiyeyuki mpaka ufike nyuzi 1,150 hivi au zaidi. Mafundi wa sufuria hutumia moto wa oili chafu unaopulizwa kwa feni, na moto huo waimudu alumini bila shida. Kwa hiyo bloku hubaki ikipata kutu na kusubiri lori la viwanda vya chuma, ilhali hedi, pistoni na makasha ya gia huishia pale pale mtaani, tena mapema, kabla ya adhuhuri.

Kumbe basi uhaba una sheria yake, na sheria hiyo ni ya maumbile kabla ya kuwa ya soko. Kinachotoweka kwanza ni kile kinachoyeyuka kwa urahisi.

Katika karakana mojawapo nilimkuta mzee ambaye jina lake nitalihifadhi kwa ombi lake. Alianza ufundi katika gereji ya Mhindi mmoja eneo la viwandani, akiwa mvulana wa kuosha vipuri kwa mafuta ya taa, na baadaye akawa akizifungua injini za magari ya mashindano usiku ili asubuhi yawe barabarani. Leo anakarabati injini za matatu na kuwachongea vipande watu wa mashine za posho. Nilipomweleza haja yangu, hakuuliza nina fedha ngapi. Aliuliza, "Mwalimu, laina zako ni za 84 au 88?"

Swali hilo fupi lingetosha kuwa mtihani wa muhula. Injini ya 504 ya ukubwa wa sentimita za ujazo 1,971 ina silinda zenye kipenyo cha milimita 88, na pistoni husafiri milimita 81. Ile ya 1,796 ina kipenyo cha 84 na mwendo uleule wa 81. Ile ya 404, ambayo ilitumika pia katika pikapu nyingi za 504, ina kipenyo cha 84 lakini mwendo wa 73 pekee, na ujazo wake ni 1,618. Mwanafunzi wa kidato cha pili anaweza kuzipiga hesabu hizo mwenyewe: eneo la duara mara urefu wa mwendo, mara nne. Zitatoka sawasawa.

Wauzaji wengi wakisikia pistoni ni ya 84 hukuambia, "Inaingia tu." Kuingia itaingia. Lakini mzee alinionyesha kwa msumari na rula kwamba kipenyo si kila kitu. Kuna urefu kutoka kwenye pini hadi utosini mwa pistoni, na ukikosea hapo, ama pistoni itagonga hedi, ama itabaki chini mno na injini ikose nguvu. Kisha akanipa mfano wa kinyume. Datsun 1600 ina silinda nne na 240Z ina sita, na mtu asiyejua hudhani hazihusiani kwa lolote. Kumbe zote mbili zina kipenyo cha milimita 83 na mwendo wa 73.7, ile kubwa ilizaliwa kutokana na ile ndogo. Pistoni ya gari la karani yaweza kukaa katika injini ya gari la bingwa, mradi uutazame vizuri uso wake wa juu. "Tulifanya hivyo," alisema, akaendelea na kazi yake kana kwamba ametaja bei ya nyanya.

Nilirudi kwake Jumamosi nyingi kuliko ilivyohitajika. Nilimwona akiitundika krenki yangu kwa waya na kuigonga kwa nyundo ndogo, akiinamisha sikio. Krenki nzima hulia kama kengele. Yenye ufa hutoa sauti ya debe. Yangu ililia. Hatimaye hedi ilipopatikana (nitasimulia ilivyopatikana), aliigeuza juu chini valvu zikiwa ndani, akafunga plagi, akamimina mafuta ya taa katika vyumba vya mwako, akaenda kunywa chai. Aliporudi, vyumba viwili vilikuwa vimekauka. Hizo ndizo valvu zilizohitaji kusagwa. Kisha akalaza rula ya chuma juu ya uso wa hedi na kupitisha karatasi ya sigara chini yake. Pale karatasi ilipopita kwa uhuru, alitia alama ya chaki. Hedi ilikuwa imepinda katikati, bila shaka kwa sababu ya dereva aliyeendelea na safari wakati maji yamekwisha.

Kuhusu laina alinihutubia kwa nusu saa, na sikuchoka. Silinda za 504 ni mirija inayochomolewa, na maji ya kupoza huizunguka moja kwa moja. Ndiyo maana injini hiyo yaweza kufufuliwa mara nyingi: huhitaji kuchimba bloku, unabadilisha mirija na pistoni zake pamoja. Lakini kila mrija sharti uchungulie juu ya uso wa bloku kwa kiasi kinachopimwa kwa sehemu za mia za milimita. Ukizama, gasketi haiubani na maji yanaingia. Mmoja ukizidi wenzake, gasketi inaelea. Mzee hana saa ya kupimia kina, yake iliibwa. Anapima kwa kidole, kisha anathibitisha kwa vipande vya bati jembamba alivyovihifadhi ndani ya kopo la tumbaku, kila kimoja kikiwa kimeandikwa unene wake kwa msumari. Siku nilipokwenda na maikromita niliyoazima, nilivipima vyote kwa udadisi. Havikuwa mbali hata kidogo na alichokiandika.

Sasa hedi yenyewe. Ilikuwa imelala kando ya tanuri la jirani, juu ya rundo la siku hiyo, imekwisha kuvunjwa sikio moja kwa nyundo ili iingie katika chungu cha kuyeyushia. Nilimwomba mwenye tanuri aniuzie. Alinitazama kama anayemtazama mtu aliyekuja kununua majani ya mnazi kwa bei ya nazi, akakubali. Lakini alisema jambo ambalo limekataa kunitoka kichwani: "Mwalimu, wewe umekuja leo. Sufuria inauzwa kila siku."

Nimelipindua neno hilo mara nyingi na sijaona mahali pa kulipinga. Ni rahisi sana kwa mtu wa kalamu kumlaumu mwenye tanuri kwamba anaangamiza urithi. Urithi haulipi kodi ya kibanda. Kama tunaitaka hedi ya 504 ibaki hedi, ni lazima itokee namna ya kumfahamisha mwenye tanuri kwamba kipande hiki kina mnunuzi, tena kwa bei inayozidi ile ya kilo. Leo hafahamu, na mnunuzi naye hafahamu kwamba kipande kipo. Katikati yao yuko mzee mmoja mwenye kopo la tumbaku.

Nilimuuliza mzee kuhusu pampu ya Kugelfischer, ile inayopuliza petroli kwa nguvu za kimakanika katika injini za 504 zisizotumia kabureta. Rafiki yangu huiota usiku. Mzee aliifahamu papo hapo, akaichora kwa kidole katika vumbi, na mirija yake minne. "Ilikuwapo moja hapa," alisema. "Iliyeyushwa mwaka ule wa korona. Ilikuwa na alumini nzuri." Hakusema kwa majuto wala kwa kebehi.

Serikali nayo imechangia kwa njia yake. Januari 2022, baada ya minara ya umeme kuhujumiwa, Rais Uhuru Kenyatta alipiga marufuku biashara ya vyuma chakavu, na marufuku hiyo ikaendelea hadi Mei. Siwezi kuitetea hujuma ya nguzo za umeme. Lakini agizo lile, kama ilivyo Sheria ya Vyuma Chakavu ya mwaka 2015, halikuwa na jicho la kutofautisha waya ulioibwa na injini iliyofia mikononi mwa mwenyewe. Kwa macho ya dola, vyote ni skrepa.

Ni hapa ninapowageukia walimu wenzangu. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, wazazi walichangishwa wakajenga karakana, na wengi wetu tunakumbuka jinsi zilivyogeuka kuwa stoo za madawati mabovu. Mwaka uliofuata, 1986, Rais Moi aliitaka Chuo Kikuu cha Nairobi itengeneze gari la Kenya. Mwaka 1990 Nyayo Pioneer likaonyeshwa hadharani. Magari matano ya majaribio yaliundwa, yakafikia mwendo wa kilomita 120 kwa saa, na mradi ukafia hapo kwa ukosefu wa fedha. Watu hulicheka gari lile. Mimi silicheki, kwani wahandisi wale walijitahidi kwa dhati. Ninachojiuliza ni kama daraja lilikuwepo kati ya chuo kikuu na Kariobangi, umbali wa nusu saa kwa matatu, ambako watu walikuwa wakifufua injini kila siku bila bajeti ya serikali.

Profesa Kenneth King wa Edinburgh aliwafuatilia mafundi wa jua kali wa Nairobi tangu miaka ya 1970, na mwaka 1996 akachapisha kitabu kizima juu yao. Namshukuru. Kwa hiyo uchumi wao umeandikwa, japo na mgeni. Vipimo vyao, yaani kipi chaingia wapi, kipi chafanana na kipi, ufa husikika vipi, hivyo sijaviona katika maktaba yoyote ya shule niliyofundisha.

Mtaala wa umilisi, uliofanyiwa majaribio mwaka 2017 na kuanza kutekelezwa nchini kote mwaka 2019, unadai kwamba mwanafunzi ajifunze kwa kutenda na kwa kuishirikisha jamii. Vyema. Jamii ndiyo hii. Mwanafunzi wa Dandora au Kayole hahitaji basi la kukodi ili aione metali ikiyeyuka. Ampeleke mwalimu wake, achukue venia, apime kipenyo cha silinda, urefu wa pistoni, umbali kati ya boliti za hedi, achore, aandike jina la gari na mwaka, na jina la fundi aliyemweleza, kama fundi ameridhia. Madaftari 40 ya namna hiyo yangekuwa kamusi ya vipuri ambayo hata wenye makontena wangeitafuta.

Wala faida yake haitaishia katika kuokota vya kale. Kanuni za kimataifa za magari ya kihistoria, zilizomo katika Kiambatisho K cha Shirikisho la Magari Duniani, kwa kiini chake huuliza kama kipuri kinalingana na kile cha wakati wake kwa umbo, vipimo na aina ya metali. Hazidai kwamba kiwe kimezaliwa mwaka 1975. Maana yake ni kwamba kipuri kilichochongwa upya chaweza kukubalika kikiwa sahihi. Kariobangi ina mashine za lathi na ina watu wa kuziendesha. Puli, vishikio, mabomba ya maji, vifuniko, vyote hivyo vyaweza kuchongwa pale pale kwa mchoro mzuri. Sitamdanganya msomaji kwamba wataweza kumimina pistoni: alumini ya tanuri la mtaani ni mchanganyiko wa redieta, hedi na makopo, na hakuna ajuaye nguvu zake chini ya joto la mwako. Hapo tutahitaji maabara ya chuo kikuu, na ndiyo sababu nyingine ya kulijenga lile daraja.

Kila mwaka, katika uwanja wa mbio za farasi wa Ngong Road, hufanyika maonyesho ya magari nadhifu yajulikanayo kama Concours d'Elegance. Nimewahi kwenda. Magari hung'aa hata boneti inapofunguliwa, waamuzi huinama na kutazama injini, na mwenye gari hupewa kikombe. Ningependa siku moja kadi inayowekwa kwenye kioo iwe na mstari wa ziada unaomtaja aliyeinyoosha hedi na aliyezipima laina. Mgala muuwe na haki umpe.

Injini ya rafiki yangu sasa imesimama juu ya fremu ya mbao katika ua wa nyumba yake. Krenki imo, laina nne zimo, hedi imenyooshwa na sikio lake limechomelewa. Tumekubaliana kutumia kabureta na kuiacha ndoto ya Kugelfischer. Kinachokosekana ni mnyororo wa kamshafti na gia zake mbili, ambazo mzee anaamini ziko mahali fulani kati ya Kariobangi na Korogocho.

Jumamosi ijayo nitakwenda kwake na wanafunzi wanane wa shule moja ya hapa Umoja, pamoja na mwalimu wao wa fizikia, venia mbili za kuazima na madaftari. Mzee amekubali kuwapokea, kwa sharti kwamba wasivae viatu vya wazi na wasimwite "boss". Ametuonya tufike kabla ya saa mbili, maana jirani yake amepokea rundo jipya kutoka Thika, na saa mbili ndipo tanuri huwashwa.